Paa Lililochezewa Isukuti

Mwalimu wenu wa kozi ya bodi amekuja kwangu Shirere mara mbili, amekunywa chai mara mbili, na mara zote mbili ameniambia, "Mama, waandikie hawa watoto habari ya paa. Andika tu vile unaongeanga." Haya, nitaandika, lakini msinilaumu nikirukaruka. Mimi kutulia sijui. Hata kanisani, nikiona dari imebonyea kidogo, mahubiri siyasikii tena, nahesabu mbao. Marehemu mume wangu alizoea kunishika goti nisiinuke.

Jina langu ni Ayuma. Nimeunda bodi za magari hapa Kakamega mjini, na mengi ninayowaambia ni ya miaka ya tisini. Chesisi ya lori ilikuja kwetu uchi: injini, usukani, kreti ya soda dereva akalie, basi. Sisi ndio tuliivalisha, sakafu, kuta, milango, paa. Wenzangu waligombania kuunda sura ya mbele kwa sababu ndiyo wateja wanasifu. Mimi nikachukua paa. Paa hakuna anayelisifu, hukumbukwa siku linavuja.

Nianze na mambo mepesi, yale hayaniumizi.

Bati si paa. Bati ni ngozi tu. Paa ni mbavu, yale mabomba ya chuma yanayovuka kutoka ukuta mmoja hadi mwingine, na uzito wote wa juu hushuka kwa hizo mbavu mpaka kwenye nguzo za madirisha, mpaka sakafuni. Mbavu zipe mgongo, zipinde kidogo katikati ziinuke, maji yapate njia. Ukimaliza, panda na ndoo ya maji, mwaga, halafu subiri. Yakisimama mahali, hata kikombe kimoja, hujamaliza. Bati ligonge kwa kifundo cha kidole. Likilia kavu limeshika, likinguruma kuna ribiti, ule msumari wa kubana bati, inakudanganya. Na kama mteja anataka keria ya mizigo juu, toboa matundu ya maji ambayo kidole gumba kinapita. Nimeona mafundi wanatoboa vitundu vya msumari, halafu jani moja la mkaratusi linakuja linaziba, wanashangaa gari linavuja.

Mimi mwenyewe nilianza vibaya. Basi langu la kwanza nililipandisha paa mpaka nikafurahi, nikasema leo mtu mrefu atasimama ndani avae na kofia. Siku ya kulitoa, likawa juu kuliko geti la gereji kwa upana wa kiganja. Watu wa gereji ya pili, majirani zetu, walileta viti wakae watazame. Ilibidi tutoe upepo kwenye matairi yote, tuingize ndani watu ishirini waketi walikandamize, ndipo likatoka likikwaruza. Mpaka nastaafu kuna waliokuwa wananisalimia, "Fundi, geti likoje?"

Aliyenifundisha ni Mzee Athumani, mtu wa Mumias. Alikuwa anaingia gereji asubuhi anasema, "Asalaam aleikum," hata kama ndani hakuna mtu, anasalimia chesisi. Kazi alijifunza wakati bodi zilikuwa za mbao, kwa hivyo hata tulipohamia chuma, yeye aliunda chuma kama anayeogopa mchwa. Mbavu zake zilikaa karibu karibu, kila shubiri mbili moja, na alipima kwa mkono wake mwenyewe. Tepu ya kupimia aliifungia sandukuni. Alikuwa mkali. Ukichomelea vibaya hakukugombeza, alichukua nyundo akavunja ile kazi mbele yako, akakurudishia vipande mkononi. Mimi nilivunjiwa mara nyingi sana, na kila mara nilienda nyuma ya gereji nikalia kwa hasira, nikarudi.

Lakini mapaa yake yalikuwa mazito, na hapo sikukosea. Gari lenye kichwa kizito hulala kwenye kona. Nilianza kusema mbavu zipunguzwe. Yeye akasema, "Wewe una haraka." Kweli nilikuwa na haraka. Nilikuwa mwanamke pekee kwenye kazi hiyo mjini, na nilitaka watu waache kunionyesha kwa kidole.

Tulikuwa na kitabu. Mzungu mmoja wa kujitolea alifundisha chuo cha ufundi miezi michache, alipoondoka akatuachia kitabu cha Kiingereza cha kuunda bodi. Nilikisoma mpaka jalada likatoka. Mle ndani kulikuwa na kurasa za theluji, vile paa la basi linatakiwa lipimwe ili libebe theluji nyingi ikililalia, na picha ya basi lenye kitu cheupe juu kama godoro. Nilimwonyesha Mzee Athumani. Akakigeuza kitabu, akakisogeza mbali na macho, akauliza, "Hawa watu juu ya gari wanafuganga nini?" Tulicheka sana. Theluji na Kakamega wapi na wapi. Zile kurasa tukaziruka.

Sasa nimefika.

Senge wangu, yaani dada ya baba, aliitwa Truphena. Mama yangu alipofariki nikiwa mdogo, ndiye alinichukua akanilea pamoja na wake. Alikuwa mwanamke mkubwa wa mwili, mwenye sauti, na kama mmewahi kwenda matanga upande huu mnajua kuna wale akina mama wanaopika obusuma, ugali wetu, ya watu mia mbili kwenye sufuria moja, mwiko unalingana na jembe. Yeye ndiye alikuwa anasonga. Wanaume walijaribu wakachoka, yeye anasonga huku anaimba. Na alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wa Amalemba cha kusaidiana wakati wa msiba.

Kikundi kilipata chesisi ya lori, wakataka basi lao la matanga. Gereji zilikuwa nyingi. Senge akawaambia wenzake, "Hii kazi apewe mtoto wangu." Mmoja akauliza, mtoto gani, yule msichana wa geti? Senge akamwambia, "Huyo huyo. Na mkikataa, mtafute mwenyekiti mwingine."

Walijua wanachotaka. Mlango mkubwa nyuma, jeneza liingie na kulala katikati ya viti. Na juu, keria ya urefu wa basi lote, sakafu yake ya mbao, na ukingo wa kushika pande zote. Nyinyi wa kutoka mbali niwaeleze. Kwetu marehemu haendi nyumbani kimya. Vijana wa isukuti, ile ngoma yetu, hupanda juu ya gari na ngoma zao wakapiga na kucheza barabara yote, watu watoke mashambani wajue nani anarudi. Kwa hivyo paa la basi la matanga ni uwanja wa kuchezea.

Ndiyo maana Mzee Athumani alikuwa na mtindo wake wa kupima, na kila gereji hapa ikauiga. Kabla basi la matanga halijakabidhiwa, aliita kikundi cha isukuti kutoka Khayega. Wanapanda wanane na ngoma, wanacheza juu nusu saa, na fundi aliyeunda anakaa ndani, chini yao, anatazama dari. Likishikilia, kazi imepita. Kikibonyea kitu, unavunja unaanza upya. Tuliona hakuna kipimo kikali kuliko hicho duniani.

Paa la Senge nililichora peke yangu. Mbavu niliziweka kila shubiri nne, nusu ya zile za Mzee, na bati jepesi. Mgongo niliupunguza, paa likawa karibu tambarare, ili mbao za keria zilale vizuri. Mzee alizunguka mara mbili akasema, "Mbavu ni chache." Nikamwambia, "Mzee, wacha isukuti iamue."

Wakapanda wale vijana. Nilikaa ndani kwenye kiti cha katikati, Senge kando yangu, ameshika Biblia yake. Walicheza mpaka vumbi likatoka kwenye viungo vya paa. Dari ikanguruma lakini haikushuka hata upana wa ukucha. Akina mama wakapiga vigelegele. Mzee Athumani akaingia, akatazama juu kwa muda, akasema, "Haya. Limeshikilia." Halafu mbele ya watu wote akasema, "Fundi, nipe mkono." Hiyo ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuniita fundi. Nilitembea wiki nzima sijui kama ninakanyaga chini.

Basi lilizika watu watano au sita bila shida. Halafu ikaja ile Jumanne.

Mzee alikuwa ameenda Mumias kwa ndugu yake aliyekuwa mgonjwa. Alasiri mvua ya mawe ikapiga mji. Nyinyi mnaijua, lakini ile ilikuwa ya aina yake, iliteremka nene bila upepo, chini pakawa peupe. Uani tulikuwa na kibanda cha kuwekea rangi, bati tambarare juu ya nguzo nne. Mawe yakakijaa. Nilikuwa nimesimama mlangoni nikakiona kinashuka. Hakikuanguka kwa kishindo, kilishuka polepole, bati likakunjika katikati, mawe yote yakakimbilia lile shimo, kikazidi kushuka mpaka kikakaa juu ya makopo ya rangi. Hakuna aliyekigusa.

Wenzangu walicheka, wakaenda kuokoa rangi. Mimi nilibaki pale pale mlangoni. Kibanda kile nilikuwa nimekipanda mara nyingi kurekebisha waya, na hakikuwahi hata kulalamika. Nilikuwa napanda vipi? Nikakumbuka. Nilikuwa nakanyaga juu ya mbao zinazoshika bati, mguu unazitafuta wenyewe. Ndipo nikawaona wale vijana wa isukuti akilini, vile wanavyocheza. Mchezaji hukanyaga mahali pagumu. Mguu wake unasikia ubavu uko wapi na unaurudia huo huo. Akichoka anashuka. Mvua ya mawe haichagui pa kukanyaga. Inakaa kila mahali, penye ubavu na pasipo ubavu, na haishuki.

Nikachukua debe, nikalijaza mawe ya mvua, nikavuka kwenda kwa posho mill nikaomba mizani. Ukiondoa uzito wa debe, kilo kumi na moja. Mwenye mizani akauliza kama ninasaga barafu. Nikarudi, nikachukua karatasi ya mfuko wa simiti, nikapiga urefu wa lile basi, upana wake, na kina cha shubiri moja pungufu kidogo. Ikanijia zaidi ya debe mia moja. Zaidi ya tani, na wale wachezaji wanane na ngoma zao hawafiki nusu yake. Halafu nikafungua kitabu kwenye zile kurasa za theluji tulizoziruka. Nikazisoma nimesimama. Ilikuwa ni hesabu ile ile, ya uzito unaolala na kukaa. Mbavu zangu zilikuwa hazifikii hata nusu ya zilizotakiwa. Nilirudia hesabu mara nne nikitumaini nimekosea kujumlisha.

Sasa sikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo nataka mnijue.

Nyumba ya Senge ilikuwa Amalemba, na basi lililala kwenye uwanja wa kanisa, mwendo wa dakika kumi kutoka gereji. Ningeweza kwenda Jumanne ile ile. Ningesema, "Senge, msilipande hili basi, nimelikosea." Maneno matano au sita. Sikuenda. Nilijiambia nimngoje Mzee arudi. Nilijiambia basi halina safari mpaka Jumamosi. Nilijiambia mvua ikishapiga hivyo haitarudia karibuni. Nilijipa sababu kama mtu anayepakia gunia. Ukweli ni kwamba niliona aibu. Niliwaona watu wa gereji ya pili wakileta viti vyao tena. Nilimsikia yule mama aliyeniita msichana wa geti akisema, tulikuambia.

Jumatano nilipita pale kanisani nikalitazama kwa mbali. Alhamisi nilichoma kidole kwa sababu mawazo hayakuwa kazini. Kila wingu lililotoka upande wa Nandi nililisindikiza kwa macho mpaka lipite. Ijumaa nikasema basi, leo naenda, na nikaenda kweli. Nilimkuta dereva wao, Mukabwa, analiosha. Akanifurahia. "Fundi, hii paa yako ni kitanda," akasema. "Jana nililala huko juu mchana, sijasikia hata kelele." Nikafungua mdomo. Nikamuuliza wipa inafanya kazi. Akasema inafanya. Nikaenda zangu.

Jumamosi wakaondoka alfajiri na mwili wa mzee mmoja aliyekuwa na shamba Lumakanda, kule Lugari. Senge alikuwa ndani.

Mzee Athumani alirudi kutoka Mumias karibu saa sita mchana. Aliingia na salamu yake, akaiona ile karatasi ya simiti juu ya meza yangu. Akaisoma mpaka mwisho. Hesabu za kitabu hakuzijua, lakini kwa chini nilikuwa nimeandika "basi la Senge".

"Liko wapi?" akaniuliza.

"Lumakanda."

Hakuvua hata kanzu. Alichukua funguo za pikapu ya gereji, tukaondoka. Tulipita Malava, tukapita Webuye, tukashika barabara ya Eldoret, na mbele yetu anga lilikuwa jeusi. Tulipokaribia njia ya Lumakanda akauliza, macho yako barabarani, "Hiyo hesabu ni ya lini?"

"Jumanne."

Akaendelea kuendesha.

Mawe yalianza kutupiga kabla hatujafika. Basi tulilikuta kando ya barabara, katikati ya mashamba ya mahindi. Walikuwa wametoka kuzika. Mukabwa alikuwa amesimama kwa sababu mbele haoni, na kusimama ndiko kulikowamaliza, maana gari likitembea hupukuta kidogo. Juu ya keria walikuwa wamefunga sufuria na viti vya kukodi, wakavifunika turubai na kulikaza kwenye ukingo pande zote. Matundu yangu ya maji, makubwa, ya kidole gumba, yalikuwa chini ya turubai. Paa zima limekuwa karai, na karai limejaa.

Nilipanda ngazi ya nyuma na kisu, nikakata kamba za turubai, nikajaribu kuyavuta yale mawe kwa mikono. Yalikuwa yameshikana. Nilikuwa ninavuta barafu kama mtu anayevuta ukuta. Chini nikasikia Mzee Athumani anafungua ule mlango mkubwa wa nyuma na kupaza sauti, "Tokeni. Akina mama tokeni, acheni kila kitu." Nikashuka nikachungulia.

Walikuwa wamesimama. Wote, mikono juu, viganja vimebandikwa kwenye dari, wanalishikilia paa. Wengine wamesimamisha ile miiko ya matanga kama nguzo. Dari ilikuwa imeshuka katikati mpaka inagusa migongo ya viti. Na katikati pale, chini ya ule ubavu ambao peke yake ulikuwa unafanya kazi ya mbavu mbili, alikuwa Senge, ameuweka begani.

"Nendeni," aliwaambia. "Mmoja mmoja, msisukumane."

Wakatoka. Kila aliyetoa mikono yake, paa lilishuka kidogo. Nilimwita Senge. Akanitazama, akashangaa kuniona, akatabasamu. Alipoinama kutoka, kiungo cha ubavu kikakatika, kile nilichokichomelea kwa mkono wangu, na ubavu ukamshukia bega la kulia.

Mzee na mimi na Mukabwa tulimtoa. Wengine wote walikuwa wazima. Wengine walianza kuimba pale kwenye tope, mawe bado yanaanguka.

Bega lake lilivunjika mahali ambapo madaktari hawakuweza kuparudisha sawa. Mkono ule haukuinuka tena zaidi ya kiuno. Obusuma ya matanga hakuisonga tena. Alikuwa anaenda, anakaa karibu na moto, anawaelekeza wengine, na wakikosea anashindwa kujizuia, anainuka nusu, halafu anakaa.

Mbavu nilizirudisha kila shubiri mbili, kama za Mzee. Paa lile nililibomoa lote kwa nyundo, mbele ya watu wa gereji ya pili, na hakuna aliyecheka. Kuanzia hapo kila paa nililotengeneza nililipima kwa mchanga mbichi, umetandazwa juu yote sawasawa, unalala kutwa. Isukuti tuliwaita baadaye, kwa furaha tu. Mchanga huo ndio mwalimu wenu alikuja kuniuliza habari zake, na sasa mnajua ulikotoka. Zile kurasa za theluji nilizitafsiri kwa mkono kwenye daftari, na kila kijana aliyejifunza kwangu alizinakili kabla hajashika nyundo.

Lakini hayo ni ya paa, na mimi nilikuwa nataka kuwaambia la hospitalini.

Siku ya pili Senge alizinduka vizuri. Mzee Athumani alikuwa amekaa upande wa miguu, mimi upande wa kichwa. Senge akaniuliza, "Mwanangu, ulijuaje? Ulitoka Kakamega mpaka kule, ulijua lini?"

Nikasema, "Jana, Senge. Jana asubuhi nilipiga hesabu, nikaona, tukaja mbio."

Mzee Athumani akatazama sakafu. Ile Jumanne hakumtajia mtu, siku hiyo wala siku nyingine, mpaka alipofariki. Ila neno fundi hakuniita tena. Aliniita Ayuma.

Senge akanishika mkono kwa ule wake wa kushoto. "Umetuokoa," akasema. Na hadithi hiyo akaisambaza. Kanisani walinisimamisha. Yule mama wa geti alikuja kuniomba msamaha nyumbani kwangu. Nilipokea yote.

Na kila Krismasi, kwa miaka kumi na minane aliyobaki nayo, Senge alituita kwake na kuchinja ingokho, yaani kuku. Kwetu mnajua, firigisi ya kuku, imondo, ni ya mwenye nyumba. Mwanamke hapewi. Wakati wangu msichana akiigusa alichapwa. Yeye alikuwa anaitoa kwenye sufuria mwenyewe, kwa mkono wa kushoto, polepole kwa sababu hakuuzoea, anavuka nayo sebule nzima mbele ya mume wake na ndugu zake na wanawe wa kiume, anaiweka kwenye sahani yangu. "Huyu ndiye alikuja," anawaambia. Halafu anasimama pale anasubiri nianze.

Nami nilikuwa naila.